Golf ya baba, kiti cha bibi: Familia inapopima kama ihamie gari kubwa la dizeli

Katika familia nyingi za mjini, mjadala wa kubadili gari huanza siku tairi linapopasuka au siku mtoto mwingine anapotarajiwa. Kwa familia moja ya Goba, Dar es Salaam, mambo hayo mawili yalitokea ndani ya wiki moja, Februari mwaka huu.

Baba wa familia hiyo, mtaalamu wa mitambo ya simu mwenye umri wa miaka 38, anamiliki Volkswagen Golf GTI ya mwaka 2015 aliyoiagiza mwenyewe kutoka Japani kabla mtoto wa pili hajazaliwa. Ni gari dogo la milango mitano, lakini chini ya boneti kuna injini ya lita mbili yenye tabo na nguvu za farasi 220. Vijana wa mtaani wanalitambua kwa ule mstari mwekundu wa mbele. Mkewe, muuguzi wa zamu katika hospitali moja ya jijini, analitambua kwa maumivu ya mgongo.

Tairi lilipasuka kwenye kipande cha barabara ya vumbi cha kilomita moja na nusu kutoka lami hadi nyumbani kwao. Halikuwa la kwanza. Siku nne baadaye mama akathibitishiwa kuwa ana ujauzito wa mtoto wa tatu, anayetarajiwa Oktoba. Kabla ya Jumapili baba alikuwa na jibu tayari: auze Golf, anunue Mazda CX-5 ya dizeli. Ni kubwa, imeinuka juu, na kila aliyeulizwa alisema dizeli haili mafuta.

"Niliona ameamua haraka mno," anasema mkewe. "Mtu aliyekataa kuuza hilo gari miaka minne, leo anataka kuliuza kwa siku mbili? Nikajua anakimbia hesabu."

Wanandoa hao walikubali kusimulia mjadala wao wa miezi mitatu kwa sharti la kutotajwa majina. Wapo wengi wanaopitia njia hiyohiyo, na si wote wenye mke anayeandika kilomita kwenye daftari.

Gari lililoanza kama jaribio

Ili kuelewa kwa nini mtu mzima mwenye watoto anang'ang'ania gari la namna hii, inafaa kujua lilikotoka. Golf GTI ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1975, na kampuni ilipanga kutengeneza magari 5,000 tu. Wazo lilikuwa jepesi: chukua gari la kawaida la familia, lipe injini yenye nguvu zaidi na miguu migumu zaidi, liache likiwa na nafasi ya watu na mizigo. Wanunuzi walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na aina hiyo ya magari ikaenea duniani. Hapa kwetu wenzake wanaojulikana zaidi ni Subaru Impreza zenye tabo.

Kwa hiyo mtu aliyenunua GTI hajanunua kitu cha kijinga. Kina viti vitano, buti lake ni la lita 380, na siku za kazi kinakwenda sokoni kama gari jingine lolote. Shida ni kwamba lilitengenezwa kwa lami. Tairi zake za ukubwa wa 225/40 R18 zina ubavu wa milimita 90 tu, yaani chini ya kina cha mashimo mengi ya mitaani. Ubavu huo ukibanwa kati ya shimo na rimu, tairi linakatika ndani kwa ndani na kupasuka siku nyingine kabisa, pengine mtu akiwa kwenye mwendo.

Baba anakiri hayo yote. Anachokitetea ni kitu kingine. Ndiyo starehe yake pekee, anasema; hanywi, hashabikii mpira kiasi cha kwenda uwanjani. Alfajiri, kabla ya foleni, dakika 20 za barabara tupu humtosha kwa siku nzima. Mkewe hacheki anaposikia hivyo. Anasema ni kweli.

Daftari la mama

Yadi ya kwanza waliyokwenda iliwaambia Golf yao ingepata Sh24 milioni. CX-5 ya dizeli waliyoipenda iliuzwa Sh38 milioni. Tofauti ni Sh14 milioni, na fedha hizo zipo: ni akiba ya kuweka madirisha, dari na umeme kwenye nyumba wanayojenga Madale. Wakizitoa, wataendelea kupanga kwa mwaka mmoja zaidi au miwili.

Hoja ya baba ilikuwa kwamba dizeli itazirudisha. Mama akanunua daftari la Sh1,000, akaliweka ndani ya gari, na kila aliyeendesha aliandika kilomita na lita kwa mwezi mzima.

Matokeo yalikuwa haya. Gari lilitembea kilomita 700 kwa mwezi, karibu zote ndani ya jiji: shule, hospitali, kazini, kanisani. Kwenye foleni lilikwenda kilomita nane kwa lita. Jirani mwenye CX-5 ya dizeli aliwaambia lake linakwenda kilomita 11 kwa lita kwenye foleni hizohizo. Wakachukua bei ya Sh2,800 kwa lita kwa mafuta yote mawili ili hesabu iwe rahisi. Golf inakula Sh245,000 kwa mwezi. Ya dizeli ingekula Sh178,000. Wanaokoa Sh67,000. Kwa mwaka ni kama Sh800,000. Wakaongeza safari mbili za Moshi, za Pasaka na Desemba, kwenda na kurudi kilomita 1,200 kila moja, ambako dizeli ingeokoa lita 17 hivi kwa safari. Jumla ikafika Sh900,000.

Sh14 milioni gawanya kwa Sh900,000. Ni zaidi ya miaka 15.

Tena hiyo ni kama bei zinalingana. Ewura hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na anayefuatilia matangazo hayo anajua kwamba dizeli kuna nyakati huwa chini ya petroli na kuna nyakati huwa juu. Anayenunua gari la dizeli kwa sababu mwezi huu dizeli ni nafuu anaweka dau juu ya kitu asichokiongoza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni kwa sababu limejificha kwenye bei ya gari. Kodi ya gari linaloingizwa nchini hutazama ukubwa wa injini. Injini ya juu ya cc 1,000 hadi cc 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia tano. Ikizidi cc 2,000 ni asilimia 10. Golf GTI ina cc 1,984, imepita chini ya mstari kwa kunyata. Mazda ya dizeli ina cc 2,188. Cc 188 za ziada zinaipeleka kwenye kundi la juu, na VAT ya asilimia 18 inakuja kukaa juu ya hesabu hiyo. Gari likiwa na umri wa miaka minane hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likizidi 10 ni asilimia 30. Muuzaji wa yadi haandiki hayo kwenye kioo, lakini mnunuzi ndiye anayeyalipa.

Anachokisema fundi

Fundi mmoja wa Ilala mwenye mashine ya kupima magari kwa kompyuta anasema wateja wake wa magari ya kisasa ya dizeli ni wa aina mbili: wanaosafiri, ambao huwaona mara moja kila baada ya miezi mitatu kwa oili na filta, na wanaokaa mjini, ambao huwaona kila mwezi na taa imewaka kwenye dashibodi.

Sababu ni chujio la masizi, ambalo mafundi huliita DPF. Liko kwenye njia ya moshi, na kazi yake ni kukamata masizi yasitoke nje. Likijaa, gari hujisafisha lenyewe kwa kuongeza joto ndani ya chujio hadi masizi yaungue, joto la kama nyuzi 600. Kazi hiyo inataka gari liwe kwenye mwendo wa kutulia kwa dakika 15 au 20 bila kuzimwa. Mtu anayetoka Goba hadi shule kilomita sita, akazima, akaenda kazini kwa foleni, akazima tena, hampi chujio nafasi hiyo. Gari linaanza kujisafisha, linakatizwa. Linaanza tena, linakatizwa. Kila jaribio humwaga dizeli ya ziada ndani ya injini, na nyingine huchuruzika hadi kwenye oili. Ndiyo maana kijiti cha kupimia oili cha Mazda hizo kina alama ya X juu ya alama ya kawaida. Oili ikifika hapo imeongezeka kwa sababu imechanganyika na mafuta, na inapaswa kumwagwa mara moja. Wenye magari wengi, anasema fundi, wakiona oili imepanda wanafurahi kwamba gari haliibi oili.

Dizeli yenyewe siku hizi si mbaya kama zamani. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliafikiana kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, na bila hatua hiyo magari haya yasingedumu hapa hata mwaka. Tatizo lililobaki ni matumizi.

Wapo mafundi wanaotoa suluhisho la haraka: kukata chujio, kutoa yaliyomo ndani na kudanganya kompyuta ya gari. Taa inazima na gari linapata nguvu, lakini masizi yote yanatoka nje. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gari lililokatwa chujio, likiunguruma getini mwa shule saa moja asubuhi, linawapulizia hewa hiyo watoto waliosimama usawa wa bomba lake. Mama, kwa kuwa ni muuguzi, hakutaka hata kulijadili.

Kwa upande wa pili, Golf nayo si malaika. Giaboksi yake ya DSG inataka kubadilishiwa oili kila kilomita 60,000, na waliopuuza wanajua bei ya kuitengeneza. Baba alikuwa ameshafanya hivyo. Gari analipenda, na mtu anayependa gari hulitunza. Hiyo nayo ina thamani ambayo haimo kwenye daftari.

Aliyefanikiwa

Isidhaniwe kwamba dizeli ni kosa kwa kila mtu. Afisa kilimo mmoja, rafiki wa familia hiyo, alikuwa na Subaru Impreza yenye tabo iliyokwenda kilomita tisa kwa lita hata kwenye barabara kuu. Kazi yake ilihamia Dodoma, familia ikabaki Dar es Salaam. Kila wiki alikwenda na kurudi, kilomita kama 900, kwa mwaka zaidi ya kilomita 41,000. Alipohamia gari kubwa la dizeli linalokwenda kilomita 16 kwa lita aliokoa kama lita 2,000 kwa mwaka, sawa na Sh5.6 milioni kwa bei ileile ya Sh2,800. Aliongeza Sh11 milioni kubadili. Zilirudi ndani ya miaka miwili. Chujio lake la masizi halijawahi kumsumbua, kwa sababu kila wiki linapata saa kadhaa za mwendo.

Anasifu pia namna gari linavyovuta. Injini ya dizeli ya Mazda ina nguvu ya kuvuta ya Nm 420 kwenye mizunguko 2,000 tu, wakati Golf GTI ina Nm 350. Likiwa na watu watano na magunia mawili ya mchele, kwenye mlima halihisi kitu. Ndicho watu wanachomaanisha wanaposema dizeli haichoki.

Kichekesho ni kwamba treni ya SGR ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, na sasa mkewe anamuuliza kila wiki anaendesha kwa ajili gani.

Bibi alikuwa amenyamaza

Mwezi Aprili hesabu ya mafuta ilikuwa imekwisha na baba alikuwa amenyong'onyea. Walikubaliana kubaki na Golf, kuweka rimu za inchi 17 zenye tairi nene kidogo, na kuendelea na ujenzi. Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa ushindi wa daftari.

Ila nyumbani kulikuwa na mtu wa tano. Mama mzazi wa mke, mwenye miaka 71, aliletwa kutoka Marangu baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga Januari, ili afanye mazoezi ya viungo kliniki kila wiki. Tangu katikati ya Machi alikuwa amehudhuria mara mbili tu. Kila Jumatano alisema anajisikia nafuu, waende kazini, atakwenda wiki ijayo.

Aliyegundua ni binti yake. Alirudi mapema kutoka zamu ya usiku na kumkuta mama yake ameshika ukingo wa meza ili ainuke. Nafuu haikuwepo. Alipombana, mzee alieleza: kuingia kwenye Golf ni lazima ajitupe chini, na kutoka ni lazima avutwe mikono, na kila mara nyonga inauma hadi kesho yake. Hakutaka kusema kwa sababu aliwasikia watu wazima wakibishana juu ya gari usiku, akadhani yeye ndiye chanzo.

Baba alipokwenda kumwomba radhi, alimjibu kwa upole: "Baba, gari lako ni zuri. Ila linanitaka niwe mtoto tena."

Wagonjwa wa nyonga huambiwa waepuke kukaa mahali pa chini sana, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu kuikunja nyonga kupita kiasi kunaweza kuichomoa. Wote wawili walilijua jambo hilo, mmoja kwa taaluma. Hakuna aliyelihusisha na gari. Walikuwa wanahesabu lita.

Jioni hiyo mama alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika majina. Baba, mama, mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu atakayekuja, bibi. Sita. CX-5 ambayo baba aliisoma kwa miezi mitatu, akajua hadi uzito wake, ina viti vitano.

"Nilicheka mpaka machozi," anasema baba. "Buti la lita 500 najua, mkanda wa sita sikuwa nao."

Hata kwa watoto watatu peke yao kiti cha nyuma kingekuwa kigumu. Viti viwili vya watoto vikifungwa pembeni, nafasi inayobaki katikati haimtoshi mtu mzima, na mara nyingi haitoshi kiti cha tatu. Anayefikiria gari kwa ajili ya watoto watatu aende yadi na viti vyake mkononi, avifunge palepale. Wauzaji watashangaa, wamwache.

Magari ya dizeli yenye viti saba yapo, Mazda CX-8 na Toyota Prado kwa mfano, lakini bei zake zingemaliza akiba yote ya nyumba na bado kudai mkopo wa Saccos. Mama, ambaye atakuwa kwenye likizo ya uzazi ya siku 84 bila posho za zamu za usiku, alikataa mkopo kabla haujatajwa.

Kilichobaki ni kile ambacho baba aliapa tangu ujana kwamba hatakiendesha: Toyota Noah. Kwa mtu aliyekulia Moshi, Noah ni gari la abiria linalosubiri kujaa stendi. Walifikia mwafaka kwenye Voxy, ambayo ni gari lilelile lenye sura ya ukali zaidi. Ina injini ya petroli ya cc 1,986, viti vya safu tatu, mlango wa kuteleza, na kiti ambacho bibi anakikalia kama anavyokaa sofa. Waliyoiona imeshatumika nchini, ni namba D, inauzwa Sh29 milioni. Safu ya tatu ikikaliwa mizigo haina pa kukaa, hivyo safari za Desemba zitahitaji keria juu. Kwenye foleni inakunywa mafuta karibu sawa na Golf. Haitamwokolea mtu shilingi. Lakini tofauti ya kulipa ni Sh5 milioni badala ya 14, na madirisha ya Madale yanabaki salama.

Bibi amerudi kliniki. Kwa sasa anapelekwa na bajaji, ambayo kiti chake, kwa bahati, kiko juu kuliko cha Golf.

Golf imetangazwa wiki ya tatu sasa. Wamekuja wanunuzi wawili. Wa kwanza alitaka kulipa kwa awamu. Wa pili, kijana wa Sinza, alikuwa na fedha taslimu Sh23 milioni, lakini aliwasha gari na kukanyaga mafuta hadi mwisho injini ikiwa bado ya baridi. Baba akachukua ufunguo wake akamwambia gari limeshauzwa. Mama amempa hadi katikati ya Septemba.